Nyumba na Stima Zilizosafiri Katika Masanduku

Mhariri wa gazeti letu alituomba sisi wa kidato cha nne kila mmoja aandike habari za jambo lo lote alilolisoma nje ya masomo ya darasani. Wenzangu wameandika habari za nyota, za nyuki na za mpira. Mimi nimechagua jambo ambalo nilipolitaja bwenini nilichekwa, yaani nyumba zilizokuwa zikiagizwa kwa posta. Msomaji asidhani natania. Palikuwa na wakati ambapo mtu aliweza kuketi mezani kwake, akafunua kitabu cha picha, akachagua nyumba aipendayo, akaandika barua na kupeleka fedha, kisha akangoja. Baada ya majuma machache nyumba yake nzima, tangu nguzo hata kitasa cha mlango, ilifika stesheni ndani ya mabehewa ya gari moshi.

Kwanza nieleze jinsi jambo hili lilivyonishika. Mwaka wa 2023, nilipokuwa kidato cha pili, mama yangu aliagiza banda la chuma. Mama hununua na kuuza dagaa katika mwalo mmoja kisiwani Ukerewe, na kila msimu wa mvua dagaa wake walikuwa wakilowa kwa sababu ghala la kukodi lilikuwa linavuja. Aliona picha ya banda katika simu, akazungumza na muuzaji wa mbali, ambaye jina lake silitaji, akapeleka fedha. Fedha hizo zilikuwa akiba ya misimu miwili, na ndani yake mlikuwa na nauli yangu ya kurudi shule na bei ya godoro langu jipya. Banda likaja kwa lori mpaka Mwanza, kisha kwa meli mpaka Nansio. Tulipofungua mafurushi tukakuta vyuma vya pembe 38, mabati, mlango, na mfuko mmoja wa nati na bolti. Hapakuwa na karatasi ya maelezo. Hapakuwa na namba juu ya chuma cho chote. Na mabati mawili ya ubavuni hayakuwamo. Mama akapiga simu. Siku ya kwanza ilipokelewa, siku ya pili ilipokelewa na mtu mwingine aliyesema hajui habari hizo, na siku ya tatu haikupokelewa tena. Mama hakusema neno. Alikaa juu ya furushi akiyatazama maji ya ziwa.

Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuja akavizunguka vile vyuma mara mbili, akauliza, "Namba ziko wapi?" Nikamjibu, "Babu, hakuna namba." Akasema, "Basi, mjukuu wangu, mama yako hakuuziwa banda. Ameuziwa vyuma." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma habari hizi, na nitarudi kwa babu baadaye.

Waliovuma kuliko wote katika biashara ya nyumba za posta ni Wamarekani. Katika mji wa Chicago palikuwa na kampuni iitwayo Sears, Roebuck, iliyokuwa ikiuza vitu kwa barua kwa wakulima walio mbali na maduka: saa, cherehani, viatu, majembe. Mwaka wa 1908 ikatoa kitabu cha nyumba. Ndani yake mlikuwa na picha ya kila nyumba, ramani ya vyumba vyake, na bei. Kuanzia mwaka huo hata 1940 kampuni hiyo iliuza nyumba kati ya 70,000 na 75,000, za michoro mamia kadhaa. Nyumba ndogo bei yake ilikuwa dola mia chache, na kubwa dola elfu chache. Mbao, milango, madirisha, misumari, rangi, vigae vya paa, vyote vilikuja pamoja. Matofali, mawe na saruji havikuletwa, kwa kuwa uzito wake ungeifanya nauli ya reli kuishinda faida. Mnunuzi alitafuta mwenyewe karibu na kwake.

Siri ya kazi hii ilikuwa katika msumeno. Seremala wa kijijini hupima ubao, hukata, hujaribu, na akikosea hukata mwingine; vipande vinavyobaki huwa kuni. Kiwandani mashine ilikata mbao elfu moja za kipimo kimoja bila kukosea, na kila ubao ukapigwa herufi na namba. Mtu akipokea nyumba yake alisoma katika kitabu cha maelezo kwamba ubao namba fulani unaungana na ubao namba fulani, akapiga msumari. Aliyejua kusoma na kushika nyundo aliweza kujijengea, yeye na ndugu zake, bila kumlipa fundi mkuu. Hata leo Wamarekani wanaotaka kujua kama nyumba yao kuukuu ni ya Sears hupanda darini na kurunzi kutafuta zile namba juu ya mbao.

Lakini Sears haikuwa ya kwanza. Miaka miwili kabla yake, 1906, ndugu wawili wa jamaa ya Sovereign walianzisha kampuni iitwayo Aladdin katika mji wa Bay City, jimbo la Michigan, kandokando ya maji. Wao waliwaona wenzao wakiuza mashua kwa posta, mbao zake zimekwisha kukatwa, mnunuzi akaziunga mwenyewe nyumbani. Wakajiuliza: ikiwa mashua yaweza kuuzwa hivi, nyumba je? Nilipoyasoma hayo nilifurahi sana, mimi niliyezaliwa kisiwani, kuona kwamba nyumba ya posta ni mtoto wa mashua. Kampuni hiyo ilikuwa na majivuno mazuri: ilitangaza kwamba mnunuzi akiona kifundo katika mbao zake za ukutani, italipa dola moja kwa kila kifundo. Mwaka wa 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nyumba zake 200 zilivushwa bahari ya Atlantiki zikajengwa Birmingham, Uingereza, kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Austin. Baadhi yake zingali zinakaliwa na watu.

Biashara ya Sears iliuawa na mikopo. Kampuni ilianza kuwakopesha wanunuzi fedha za nyumba, na mambo yalikwenda vema hata uchumi wa dunia ulipoanguka kuanzia mwaka wa 1929. Watu wakapoteza kazi, wakashindwa kulipa, na kampuni ikajikuta ikiwanyang'anya nyumba watu wale wale waliokuwa wateja wake wa viatu na majembe. Mtu aliyenyang'anywa nyumba hawezi kurudi kununua jembe. Mwaka wa 1940 kitabu cha nyumba kikafungwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana wazo lenyewe ni la zamani kuliko Wamarekani hao. Yapata mwaka wa 1830 seremala mmoja wa London aitwaye Manning alimtengenezea mwanawe, aliyekuwa akihamia Australia, nyumba ya mbao ya kufunguliwa na kufungwa. Akaona inafaa, akaanza kuwauzia na wengine. Alijitahidi kila kipande kiwe chepesi cha kubebwa na mtu mmoja kutoka pwani. Mwaka wa 1849, watu walipokimbilia dhahabu ya California, nyumba za vipande zilipelekwa huko kwa merikebu kutoka New York, Uingereza na hata China. Naye Mwingereza Henry Palmer alikuwa amekwisha pata hati ya ubunifu wake wa bati la migongo mwaka wa 1829, na mwaka wa 1837 Mfaransa Sorel akapata yake ya kulipaka chuma zinki kisishikwe na kutu.

Hapa naomba msomaji achukue karatasi moja ya daftari lake. Ailaze juu ya vitabu viwili vilivyoachana, kisha aweke kalamu katikati. Karatasi italegea na kalamu itaanguka. Sasa aikunje ile karatasi migongo midogo midogo kama bati, ailaze tena vile vile. Kalamu itakaa, na pengine mbili. Karatasi ni ile ile, uzito ni ule ule, ila umbo limeipa nguvu. Hiyo ndiyo akili ya bati. Faida yake ya pili ni kwamba mabati mia hulaliana kama sahani, hayali nafasi katika merikebu. Basi viwanda vya Uingereza, kama kile cha Boulton & Paul cha mjini Norwich, vikachapa vitabu vya picha vya nyumba, makanisa na hospitali za mabati na mbao, mahsusi kwa watu waendao makoloni. Ubaya wa bati twaujua sote tulao chakula katika bwalo letu. Jua la saa saba hulifanya tanuri, na mvua ikinyesha mwalimu hufunga kitabu, maana hapana asikiaye. (Na nyongeza ndogo kwa wenye kujenga: namba ya geji inavyozidi, bati huzidi kuwa jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko geji 28. Wengi hudanganyika hapo.)

Katika nchi zetu shida haikuwa kutengeneza kitu cha vipande. Shida ilikuwa njia. Kabla ya reli, kila kitu kilichotoka pwani kuja ziwani kilikuja juu ya kichwa au bega la mtu, na mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani ratili sabini hivi. Wanyamwezi na Wasukuma ndio waliosifika kwa kazi hiyo. Kitu kisichoweza kugawanywa katika frasila mbili mbili kilikuwa taabu. Stanley alipotaka kulizunguka ziwa letu aliagiza mashua huko Teddington, karibu na London, yenye urefu wa futi 40, iliyogawanyika vipande vitano vya futi nane nane. Aliiita Lady Alice. Ilipofika Unguja vipande vilionekana vizito na vipana kwa njia za msituni, ikabidi kwanza vipunguzwe. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukafika Kageye, katika ghuba ya Speke, tarehe 27 Februari 1875. Hiyo ni zaidi ya siku mia moja, na wapagazi waliovibeba vile vipande walivipitisha katika mbuga ya Ugogo, matope, njaa na mapigano. Tarehe 8 Machi mashua iliyokwisha kuungwa ikaingia majini. Vitabu vingi husema Stanley alilizunguka ziwa. Ni kweli, lakini mimi nadhani ajabu kubwa zaidi ni ya wale walioileta mashua mabegani, ambao wengi majina yao hatuyajui.

Muda mfupi baadaye wamisionari wa Church Missionary Society nao walileta ziwani mashua ya vipande iitwayo Daisy. Mwaka wa 1878 Mackay, fundi wa Kiskochi, alifika Kageye akaikuta imeharibika, akakaa chini akaitengeneza kwa mikono yake.

Hata hivyo mashua ni ndogo. Habari ya ajabu ni ya stima iitwayo William Mackinnon. Iliundwa mwaka wa 1890 katika mji wa Paisley, Scotland, na kampuni ya Bow, McLachlan. Namna ya kuunda ilikuwa hivi. Mafundi waliiunga stima nzima kiwandani kwa bolti tu, ili kuona kwamba kila tundu linaelekeana na tundu lake. Kisha kila bamba na kila mbavu ikapigwa namba. Kisha wakafungua bolti zote, wakaitawanya stima, wakaitia katika masanduku. Ilikusudiwa kuungwa tena ziwani, safari hii si kwa bolti bali kwa ribiti, ili isifunguke tena. Lakini mwaka wa 1890 hapakuwa na reli ya kufika ziwani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, nayo haikufika Kisumu mpaka Desemba 1901. Vipande vya stima vilipanda reli mpaka mwisho wa reli, na kutoka hapo vikaendelea kwa mabega ya watu. Stima hiyo iliingia majini Kisumu mwaka wa 1900. Hebu fikiri: miaka kumi tangu kuundwa hata kuelea! Kama namba zingefutika katika miaka hiyo, pasingalikuwa na stima.

Reli ilipofika, mambo yakawa mepesi. Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza na nyingine zilikuja katika masanduku zikaungwa Kisumu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walifanya vivyo hivyo: stima yao Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka wa 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli mpaka Kigoma, ambako mafundi watatu waliotumwa na kiwanda walisimamia kazi ya kuiunga. Iliingia majini mwaka wa 1915. Hiyo ndiyo Liemba, iliyopewa jina hilo baada ya kuzamishwa na wenyewe mwaka wa 1916 na kuopolewa mwaka wa 1924.

Hapa ndipo anapoingia babu yangu. Alipokuwa na miaka ishirini hivi aliondoka Ukerewe akaenda Kisumu kutafuta kazi, akaipata bandarini wakati ambapo meli ya Victoria ilikuwa inaungwa. Victoria iliundwa na kiwanda cha Yarrow mjini Glasgow, ikaletwa vipande mpaka Mombasa, ikapanda reli, ikaingia majini Kisumu mwaka wa 1960 na kuanza safari mwaka wa 1961, ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria wapatao 1,200. Kazi ya babu haikuwa ya ufundi. Alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakipanga vyuma uwanjani kwa kufuata namba, ili fundi akiita namba, chuma kipatikane mara moja. Asema kwamba hapo ndipo alipojifunza kusoma tarakimu kubwa, maana shuleni hakukaa sana. Asema pia kwamba siku moja kijana mwenzake alileta bamba lililofanana kabisa na lililotakiwa, ila namba ilitofautiana kwa tarakimu moja, na mafundi walipolipandisha matundu yakakataa. Kazi ilisimama nusu siku. Victoria ilifanyiwa matengenezo makubwa Mwanza ikarudi majini mwaka wa 2020. Babu alipelekwa kuitazama, akapapasa ubavu wake kama mtu apapasaye ng'ombe wake aliyemjua tangu ndama.

Wenzangu waliokwenda Mwanza Kusini wameiona meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Hiyo nayo iliundwa hapa hapa bandarini na kampuni ya Korea ya Kusini pamoja na mafundi wetu, ikashushwa majini Februari 2023. Sababu ni ile ile ya mwaka wa 1890: ziwa letu halina mlango wa bahari wa kupitisha meli kubwa. Kitu kikubwa cho chote kiendacho ziwani lazima kije vipande vipande.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa stima zilikuja hivi, kwa nini nyumba za posta hazikuenea kwetu? Zilikuja kidogo. Nairobi ya kwanza, mji wa reli, ilikuwa kwa sehemu kubwa mji wa mabati na mbao. Majeshi yalitumia vibanda vya Nissen, vilivyobuniwa mwaka wa 1916 na Meja Peter Nissen, ambavyo watu sita waliweza kuviunga kwa saa nne. Na polisi wa Uganda na Kenya waliletewa vibanda vya mviringo vya chuma viitwavyo uniport, ambavyo waliolala ndani yake hawavisifu, hasa mchana. Lakini raia wa kawaida hakuona haja. Miti ipo, udongo upo, nyasi zipo, na majirani wapo. Wakikuyu wa zamani walikusanya miti, kamba na nyasi zote mapema, na siku ya kujenga nyumba ikasimama kabla jua halijatua. Ukitazama vema, hiyo nayo ni nyumba ya vipande, ila ghala lake ni msitu na posta yake ni majirani. Tena usisahau kwamba na sisi tulikuwa tukiwapelekea wengine. Boriti za mikoko za Rufiji na Lamu zilisafiri kwa majahazi miaka mingi mpaka Oman na Ghuba yote, kuezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Na ukiingia nyumba ya mawe ya Unguja utaona vyumba virefu na vyembamba. Upana wake, yapata mita mbili na nusu au tatu, haukuchaguliwa na mwenye nyumba. Ulichaguliwa na urefu wa boriti.

Sasa nimalize habari ya banda la mama. Babu hakukubali liunganishwe kwa kubahatisha. Alinituma nilete chokaa, tukavilaza vyuma vyote 38 mchangani kwa urefu: virefu upande huu, vifupi upande huu. Kisha tukahesabu matundu. Chuma chenye matundu manne hakiwezi kuungana na chenye matundu matatu. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, na watoto wa mwaloni walikuja kututazama wakidhani tunacheza. Tulipokwisha jua kila kimoja ni mwenzake nani, babu akaviandika namba kwa rangi nyekundu, 1 mpaka 38, nami nikachora ramani katika daftari langu la hesabu. Siku ya tatu tukakaza bolti na banda likasimama. Pale palipopungua mabati mawili mama alinunua mengine Nansio kwa fedha ya godoro langu. Fedha yake iliyobaki kwa muuzaji hajarudishiwa mpaka leo. Nilirudi shule na godoro lile la zamani, ambalo wenzangu wa bweni wanalijua.

Mwaka uliofuata, 2024, mvua zilizidi na ziwa likapanda kupita kiasi. Mwezi wa Mei maji yaliingia katika mwalo wetu. Maghala ya matofali mabichi yalilowa chini yakaanguka moja baada ya moja, na wenyewe wakasimama kando wasiwe na la kufanya. Mama alinipigia simu kwa mwalimu wa zamu akauliza lile daftari la hesabu liko wapi. Lilikuwa sandukuni mwangu. Mwalimu akaipiga picha ile ramani kwa simu yake, akaipeleka. Mchana ule mama, babu na wachuuzi wenzake wanne waliwahamisha dagaa kwanza, kisha wakafungua bolti kuanzia paa, wakavibeba vyuma mpaka juu kwenye mwinuko karibu na barabara, wakaliunga banda tena kwa kufuata namba. Walianza baada ya adhuhuri, wakamaliza giza linaingia. Nati saba zilipotelea majini, na chuma namba 22 kilipinda kidogo, lakini dagaa hawakulowa.